Kukimbia nje kwenye baridi na upepo: maswali mnayouliza kila ikifika Novemba

Hii nimeiandika kwa ajili ya waswahili wenzangu waliotua majuu, hasa hapa Chicago na miji inayofanana nayo kama Minneapolis, Toronto na Boston, na nyie wa Uingereza mnaolia na mvua kila siku mmo pia. Mimi ni mkimbiaji wa kawaida, sio daktari, kwa hiyo pale panapotaka daktari nimesema nenda kwa daktari. Kama una haraka basi soma kwanza majibu yanayohusu upepo, maana watu wengi wanahangaika na baridi wakati kinachowamaliza ni upepo.

Hivi kweli watu wanakimbia nje kwenye -10 au ni kujionyesha tu?

Wanakimbia, tena wengi. Nenda Lakefront Trail, ile njia ya kukimbilia kando ya ziwa hapa Chicago, Jumamosi asubuhi ya mwezi wa kwanza utawakuta, vikundi kwa vikundi, wengi wanajiandaa na marathon ya Boston ya Aprili na Boston haikungoji mpaka theluji iyeyuke. Ukikimbia mwili unatengeneza joto jingi sana, misuli inatumia kama robo tu ya nguvu kukusogeza mbele, inayobaki yote inatoka kama joto. Ndio maana mtu aliyevaa vizuri kwenye -10 isiyo na upepo, zikipita dakika 10 tatizo lake sio baridi tena, ni jasho. Na jasho ndio litakuja kumletea baridi baadae, hilo tutalifikia.

App inaniambia -5 alafu chini yake inaandika "inasikika kama -13". Nifuate ipi?

Kwa nguo na ngozi fuata ya pili, kwa barafu barabarani fuata ya kwanza.

Iko hivi. Ngozi yako muda wote ina kitambaa chembamba cha hewa ya joto ulichokitengeneza mwenyewe, upepo kazi yake ni kukivua. Kila ukikitengeneza kingine unavuliwa tena, kwa hiyo unapoteza joto haraka kama vile nje ni baridi zaidi ya ilivyo. Hesabu wanayotumia Marekani na Canada tangu 2001 inakupa hivi: nyuzi 5 na upepo wa kilomita 30 kwa saa mwili unasikia 0. Nyuzi 0 na upepo huohuo unasikia kama -6 au -7. -5 inakuwa -13. -10 inakuwa -20. Lakini hiyo namba ni ya ngozi iliyo wazi, dimbwi la maji kwenye nyuzi 5 haligandi hata upepo uvume vipi.

Kitu ambacho app haikuambii ni kwamba wewe mwenyewe ni upepo. Ukikimbia kilomita 12 kwa saa kuelekea upepo wa 30, uso wako unapigwa na upepo wa 42. Ukigeuka ukaupa mgongo unabaki na 18 tu. Ni njia ileile na siku ileile, ila ni kama miji miwili tofauti.

(Mliozoea Selsiasi na simu inawaletea Farenhaiti, ingieni kwenye settings mbadilishe. Kama hamtaki basi kumbukeni tu 32 yao ndio 0 yetu.)

Nianze upepo ukiwa usoni au mgongoni?

Usoni. Hili ndilo jibu muhimu kuliko yote humu ndani, ukisahau mengine yote hili libaki.

Ukianza na upepo mgongoni unajisikia bingwa. Unaenda, hausikii kitu, unafungua zipu, jasho linaanza kutoka mgongoni na kifuani, saa inakuonyesha pesi (dakika unazotumia kwa kilomita) ambayo hujawahi kuiona. Alafu kilomita ya 6 unageuka kurudi. Nguo zimelowa, umechoka kwahiyo joto unalotengeneza limepungua, na upepo wote sasa unakuja kifuani na nyumbani ni kilomita 6. Hapo ndipo watu wanaanza kutetemeka na kutafuta Uber na simu imezima chaji. Ukifanya kinyume chake unateseka mwanzoni ukiwa mkavu na una nguvu, alafu unarudishwa nyumbani na upepo.

Kwa hiyo kabla ya kufunga kamba za viatu, angalia upepo unatoka wapi. Hapa Chicago njia ya ziwani ni kama kilomita 30, kutoka Ardmore kule kaskazini mpaka mtaa wa 71 kusini. Winta upepo mara nyingi unatoka magharibi au kaskazini magharibi, kwa hiyo mwenye kuanzia katikati ya mji aende kaskazini kwanza. Upepo ukiwa wa kaskazini mashariki, yani unatoka ziwani wenyewe, mimi njia ya ziwani naiacha kabisa, maana maeneo ya Oak Street Beach mawimbi yanapanda mpaka juu ya njia na yakishapanda yanaganda hapohapo. Siku hiyo ingia mitaa ya ndani yenye nyumba na miti, zunguka mraba baada ya mraba, upepo unakupiga kipande kidogo alafu ukikata kona unapumzika. Inaboa lakini unamaliza. Ila usiende katikati ya maghorofa ukidhani yatakukinga, pale upepo unabanwa kati ya majengo unatoka kwa kasi kuliko ulivyoingia.

Kwanini siku ya upepo pesi yangu inakufa hata nikirudi na upepo mgongoni muda haulipi?

Kwa sababu hesabu haiko sawa pande zote mbili. Nguvu ya hewa inayokurudisha nyuma inapanda kwa mraba wa kasi. Chukua mtu wa kilomita 12 kwa saa na upepo wa 12. Siku isiyo na upepo anapambana na hewa ya 12, tuiite mzigo mmoja. Upepo ukiwa usoni anapambana na 24, kasi imekuwa mara mbili na mzigo umekuwa mara nne, kwa hiyo kaongezewa mitatu. Akigeuka, upepo unaenda sawa na yeye, mzigo unakuwa sifuri, kasamehewa mmoja tu. Umeona sasa? Umetozwa mitatu umerudishiwa mmoja. Upepo ukiwa 24 usoni unabeba mizigo tisa.

Na hata wakubwa haiwaachi. New York marathon ya Novemba 2014 upepo ulikuwa mkali mpaka wa viti vya magurudumu wakahamishiwa mwanzo wao kutoka Staten Island wakaanzia Brooklyn ili wasipite daraja la Verrazzano. Wilson Kipsang wa Kenya alishinda kwa 2:10:59, na huyo ni mtu ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameweka rekodi ya dunia Berlin kwa 2:03:23. Dakika saba na nusu zimeondoka, na bado alishinda! New York ina milima yake pia, sikatai, ila siku ile kila mtu alikuwa anajificha nyuma ya mwenzake.

Kwa hiyo we siku ya upepo funika saa. Kimbia kwa muda na kwa pumzi, sema leo dakika 45 za kawaida, ziwe kilomita 7 au 9 shauri yao. Mnaokimbia kikundi pokezaneni mbele, mmoja akae mbele dakika mbili tatu alafu aondoke, wengine mkae mgongoni kwake karibu kabisa. Kipchoge pale Vienna Oktoba 2019 alipokimbia marathon kwa 1:59:40 alikuwa na wasaidizi 41 wanaopokezana, watano mbele wawili nyuma wakati wote, kazi yao kubwa ilikuwa kumkingia hewa tu, na hiyo ilikuwa siku tulivu. Ukiwa peke yako kwenye upepo fupisha hatua, inama kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu sio kiunoni, na acha kukunja mabega.

Mapafu hayagandi?

Hayagandi. Hewa ikifika kwenye mapafu pua, koo na mirija vimeshaipasha moto. Ile hali ya kifua kuwaka na kikohozi kikavu baada ya mazoezi inatokana na ukavu, hewa ya baridi haina unyevu kwa hiyo mirija inakauka ikikazana kuilainisha. Vaa bafu ya shingoni, ile ya kitambaa cha mviringo, ipandishe mpaka juu ya pua kwa dakika za mwanzo, unakuwa unavuta hewa uliyoipasha wewe mwenyewe. Itaganda kwa mbele, izungushe upande mkavu uendelee.

Mwenye pumu ni habari nyingine. Baridi kavu na kukimbia kwa nguvu ni vitu viwili vinavyobana mirija na wewe unavichanganya. Ongea na daktari kabla, akupangie matumizi ya pampu, na uwe nayo mfukoni kwa ndani karibu na mwili. Kama hujawahi kuambiwa una pumu lakini kila ukikimbia kwenye baridi unapiga miluzi kifuani, nenda kapimwe, usiseme ni mazoea tu. Wenye presha na matatizo ya moyo pia, baridi inabana mishipa presha inapanda, muulize daktari wako kwanza na uanze ukiwa umepasha mwili ndani.

Sisi Waafrika tumeumbwa kwa baridi hii kweli? Mi nimetoka Tanga!

Wa Tanga utazoea tu, wa Makete au Njombe aliyeona umande umeganda mwezi wa 7 atazoea haraka kidogo. Na kama unataka ushahidi, Machi 1992 mbio za nyika za dunia zilifanyika Franklin Park hapo Boston, uwanja umejaa theluji, na John Ngugi wa Kenya akachukua ubingwa wake wa tano palepale. Machi 2013 zikapelekwa Bydgoszcz, Poland, theluji na tope tupu, na bado walioshinda ni Wakenya wawili, Japhet Korir kwa wanaume na Emily Chebet kwa wanawake. Kwa hiyo kwenye suala la kukimbia baridi haina kabila.

Ila kuna sehemu moja lazima niseme ukweli. Takwimu za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari weusi wanaumia na baridi kwenye vidole vya mikono na miguu zaidi ya wenzao weupe, kwenye mazingira yaleyale. Hii sio ya kukutisha, ni ya kukufanya ununue glavu nzuri kabla ya mtu mwingine na usione aibu kuvaa mbili wakati mwenzako wa Minnesota ana moja.

Nivae nini? Toeni listi.

Vaa kama vile nje kuna joto la nyuzi 8 mpaka 10 zaidi ya ilivyo. Ukisimama mlangoni usikie kibaridi. Kama umesimama pale nje unasubiri mwenzio na unasikia raha kabisa basi umevaa sana, rudi uvue kimoja.

Ya ndani kabisa ibane mwili na isiwe pamba. Pamba inakunywa jasho inalishika na inakaa nayo hapohapo kwenye ngozi, kwenye upepo hiyo ni friji uliyojivalisha mwenyewe. Chukua poliesta au sufi nyembamba ya merino. Juu yake, kama ni nyuzi 5 hivi hauhitaji kitu kingine zaidi ya glavu nyepesi, labda na jaketi jembamba la upepo ukiwa upande wa ziwa. Kwenye 0 mpaka -5 ongeza taiti ndefu, mzula kichwani (Wakenya marvin) na jaketi la upepo. Ikienda -10 weka ya kati ya sweta nyembamba yenye zipu shingoni, bafu, glavu nene. Chini ya -15 mi naweka taiti mbili na balaklava inayofunika uso mzima alafu napunguza na muda.

Sasa jaketi. Watu wanatoka wananunua lile jaketi kubwa la manyoya la kuendea kazini wanataka kukimbia nalo, jamani hapana. Unataka kitu chembamba kama karatasi, kinachozuia upepo kwa mbele, na mgongoni na kwapani kinaachia mvuke utoke. Zipu ifike mpaka kidevuni. Hiyo zipu ndio termostati yako, ukipigwa na upepo unapandisha, ukigeuka unashusha mpaka kifuani, unafanya hivyo hata mara kumi kwenye mbio moja na ndio inavyotakiwa. La bei kubwa sio lazima, maduka ya mitumba huku yana majaketi ya kukimbilia yamekaa tu yanaanzia dola kadhaa.

Samahani, swali la wanaume, huko chini inakuwaje?

Usiombe samahani, ni swali la maana. Mwaka 1977 jarida moja kubwa la kitabibu la Marekani lilichapisha barua kuhusu daktari aliyekwenda kukimbia nusu saa siku ya baridi na upepo, kavaa suruali ya poliesta na chupi ya pamba iliyochanganywa na poliesta, akarudi na maumivu ya kuganda mahali ambapo hamtaki kupasikia. Siku hizi zinauzwa boksa za michezo zenye kitambaa cha kuzuia upepo kwa mbele, tafuta hizo. Ukikosa, kaptula pana juu ya taiti inasaidia sana. Na chuchu pia, upepo ukichanganya na nguo iliyolowa zinachubuka mpaka damu, paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka.

Mimi dada, navaa hijabu na sivai nguo ya kubana peke yake. Nitaweza?

Tena we dada umetutangulia, shingo na masikio yako yameshafunikwa wakati sisi tunahangaika na bafu. Hijabu ya michezo ya kitambaa chepesi kinachovutika, ile ya kuvaa moja kwa moja isiyo na pini, alafu mzula juu yake ushike isipeperuke. Zile za shifoni au pamba ziache nyumbani. Kwa chini watu wengi wanavaa taiti ya joto na juu yake sketi ya michezo au jaketi refu linalofika mapajani. Sketi ndefu mpaka chini sikushauri siku ya upepo, inakuwa tanga, inakuvuta pembeni na ikilowa inapiga miguu. Suruali pana ya kukimbilia yenye lastiki miguuni ni suluhisho zuri pia.

Mikono inakufa ganzi hata nikivaa glavu.

Achana na glavu za vidole, vaa zile za kidole gumba pekee, vidole vinne vikae chumba kimoja vipashane joto. Ndani yake weka glavu nyembamba ya kawaida. Zivae ukiwa bado ndani ya nyumba mikono ikiwa ya moto, ukivaa mikono imeshapoa glavu inatunza ubaridi. Alafu angalia kifua chako, mara nyingi mikono inapoa kwa sababu mwili umeona kifua kinapoa ukaamua kurudisha damu huko, ongeza nguo kifuani mikono itapona.

Kama vidole vinageuka vyeupe au vya kijivu kila mara hata kwenye baridi ndogo, mwambie daktari.

Nitajuaje ngozi imeanza kuganda? Wazungu wanasema inakuwa nyekundu.

Kwenye ngozi yetu huo wekundu usiutegemee, hautauona. Angalia ngozi iliyopauka kuelekea kijivu, inayong'aa kama nta, ngumu ukiigusa. Ishara kubwa kuliko zote ni kwamba palikuwa panauma alafu pakaacha kuuma. Watu hapo wanafurahi wanadhani pamepona kumbe ndio pamekufa ganzi. Pua, mashavu, ncha za masikio na vidole ndio vinaanza. Ukikimbia na mwenzio mwangaliane usoni.

Ikitokea ingia ndani. Usisugue, na hii habari ya kusugua na theluji msiisikilize. Tia kwenye maji ya uvuguvugu, ya kama joto la mwili, sio ya moto, maana pamekufa ganzi utajiunguza hujui. Hita na moto wa jiko pia hapana. Kama ganzi haiondoki, yakitoka malengelenge, au rangi ikibadilika, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Huku kwetu Leeds hatuna -10, ni nyuzi 4, mvua na upepo. Tuko salama zaidi eti?

Hapana, nyie ndio wa kuangalia sana. Nyuzi 4 ya mvua na upepo ni mbaya kuliko -5 kavu, kwa sababu maji yanabeba joto la mwili haraka mno kuliko hewa na theluji kavu ukiikung'uta inadondoka lakini mvua inaingia.

Mfano mzuri ni Boston ya tarehe 16 Aprili 2018. Nyuzi 3 au 4 hivi asubuhi, mvua inamwagika, upepo usoni karibu njia nzima maana ile njia inaelekea upande mmoja. Wakubwa wakaanza kuacha mmoja baada ya mwingine, wengi wao watu wa Kenya na Ethiopia ambao kwenye makaratasi ndio walikuwa washindi. Geoffrey Kirui bingwa wa mwaka uliotangulia alikuwa anaongoza, karibu na mwisho akapitwa na Yuki Kawauchi wa Japani, mtumishi wa serikali aliyekuwa anafanya kazi ofisini na kukimbia pembeni. Kawauchi 2:15:58, Kirui 2:18:23. Kwa wanawake Des Linden akashinda kwa 2:39:54, Mmarekani wa kwanza mwanamke kushinda pale tangu 1985. Huo muda siku nzuri haukupi hata kumi bora. Walioshinda siku ile ni waliotunza joto na kukubali kwenda polepole.

Kwa hiyo nyie wa mvua, jaketi liwe la kuzuia maji kiasi, kofia yenye ukingo mbele ili matone yasipige macho, mizunguko mifupi karibu na nyumbani. Mwenzako akianza kuongea kama mlevi, anajikwaa, vidole vinashindwa kufunga zipu, au alikuwa anatetemeka sana alafu ghafla kaacha na hajapata joto, hiyo ni dharura, mwingize ndani, mvue nguo mbichi, mfunike, piga simu ya dharura. Usimwache arudi peke yake.

Raba zangu za kawaida zinafaa?

Zinafaa kwenye theluji iliyoshindiliwa ukipunguza hatua. Raba ya njia za porini yenye meno inashika vizuri zaidi. Kwenye barafu ngumu kuna vyuma vya kuvalisha juu ya raba, na wazee wa huku wana ujanja wao wa kupigilia skrubu fupi za bati kwenye soli ya raba zilizozeeka, inafanya kazi kweli, ila usiingie nazo sebuleni kwa mtu. Adui ni ile barafu nyembamba isiyoonekana, lami inaonekana imelowa tu kumbe ni kioo. Asubuhi baada ya theluji kuyeyuka mchana na kuganda usiku ndio inakuwepo, hasa kwenye madaraja na chini ya mifereji ya nyumba. Soksi za sufi. Na usishangae raba kuwa ngumu, povu la soli linakakamaa kwenye baridi, zihifadhi ndani sio kwenye gari.

Nahitaji kunywa maji kweli?

Ndio. Kwenye baridi kiu inapungua lakini jasho lipo na kila pumzi unayotoa ni maji yanaondoka, ule moshi unaouona. Kunywa kabla na baada. Chupa ukibeba iweke ndani ya jaketi, na igeuze kichwa chini maana maji yanaanza kuganda kwa juu.

Kamasi!

Pua inafanya kazi yake ya kulainisha hewa, hamna dawa. Glavu nyingi zina kitambaa laini kwenye kidole gumba, ndio kazi yake hiyo. Ukitaka kupenga kwa kuziba pua moja, angalia kwanza upepo unaenda wapi na nani yuko nyuma yako.

Natoka kazini giza limeingia. Nifanyeje?

Disemba hapa jua linazama saa kumi na dakika 20 jioni, na mwanzoni mwa Januari linachomoza kama saa moja na robo asubuhi, kwa hiyo mwenye kazi ya kawaida atakimbia gizani tu. Taa ya kichwani, vesti inayong'aa, na sikio moja liwe wazi kwa sababu upepo unameza sauti ya magari na mwenye gari naye kioo chake kina ukungu. Kimbia ukiangalia magari yanakuja. Simu iweke karibu na mwili, betri ikipigwa baridi inazima hata kama ilikuwa na nusu.

Ni lini nibaki ndani?

Mpaka wangu mimi ni pale namba ya "inavyosikika" inapofika -28, maana kuanzia hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Unafika huko kwa urahisi, -18 na upepo wa kilomita 24 tu inatosha. Tarehe 30 Januari 2019 hapa ilishuka mpaka -31 yenyewe bila kuhesabu upepo, siku kama hiyo hata takataka zinasubiri. Nabaki ndani pia kukiwa na mvua inayoganda ikitua, na upepo wa kuangusha matawi hata kama kuna joto. Tredimili, ile mashine ya kukimbilia ndani, sio dhambi. Weka mwinuko wa asilimia moja, fungua taarabu au singeli, maliza.

Nikirudi naweza kukaa kidogo kwanza nijibu meseji?

Usikae. Dakika tano za kwanza baada ya kusimama ndio unapoa haraka kuliko muda wote uliokuwa nje, joto limezimwa na nguo bado mbichi. Vua yote ya juu, vaa kavu, alafu meseji.

Jaketi la upepo nalifuaje? La kwangu limeanza kuloana na kunuka.

Maji ya baridi au vuguvugu, sabuni kidogo ya maji, na usitie ile dawa ya kulainisha nguo hata tone, inaziba vitundu vya kitambaa ndio maana linashika jasho. Hii ni kwa nguo zote za kukimbilia, na taiti pia. Geuza nje ndani, funga zipu, anika kwenye hanga mbali na hita. Harufu isipotoka loweka kwenye maji yenye siki nyeupe nusu saa kabla ya kufua. Mashine ya kukaushia tumia tu kama lebo ya ndani imeruhusu, na kwa joto dogo.